Kabla Hujanunua Bunduki ya Mshale, Pima Maji

Samaki wa kwanza niliyempiga kwa bunduki ya mshale hakufika juu ya maji. Alikuwa chewa wa kilo nne hivi, ametulia mlangoni mwa pango lake, mapezi ya ubavuni yakipepea taratibu kama mtu anayejipepea wakati wa joto. Mkononi nilikuwa na bunduki yenye mtutu wa sentimita 130, mipira miwili ya kurushia mshale yenye unene wa milimita 18, na mshale mzito. Maji ya siku ile yalikuwa yamevurugika: ukinyoosha mkono, ncha ya mshale unaiona kwa taabu, na mbele ya ncha ni ukungu wa kijani tu. Chewa alinitokea karibu mno. Ikabidi nirudi nyuma ili nipate nafasi ya kumwelekezea mtutu, na bunduki ya urefu ule kuigeuza majini ni kama kusukuma mlango mzito, inachelewa kuanza na inachelewa kusimama. Nikafyatua kabla sijatulia.

Mshale ulimpita chini ya uti wa mgongo, ukatokea upande wa pili, ukagonga jabali kwa mlio niliousikia mpaka kwenye meno. Chewa akarudi ndani, akatanua mashavu na mapezi, akajikaza kwenye kuta za pango kama kabari. Mshipi unaounganisha mshale na bunduki ukakaza, pumzi ikaniishia. Nilipanda na kushuka mara sita. Mara ya mwisho mshale ulitoka mtupu, umepinda, na kwenye ulimi wake, ule unaofunguka nyuma ya ncha, kimenasa kipande cha nyama nyeupe. Chewa yule alifia ndani ya mwamba bila kumfaa mtu yeyote.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue bunduki gani, sianzi na jina la mtengenezaji wala idadi ya mipira. Namuuliza: maji unayozama, unaona mita ngapi?

Mimi sikuulizwa. Nilinunua ndefu kwa sababu niliamini urefu ndio nguvu, na nguvu ndiyo samaki. Mzee niliyekuwa nikizama naye, ambaye alikuwa ameifanya kazi hii tangu mimi sijazaliwa, aliupokea ule mshale uliopinda, akauchungulia kwa jicho moja kama fundi anayeangalia ubao, akasema, "Mwanangu, umechagua bunduki kabla hujachagua maji." Kesho yake alinifanya nifanye kitu ambacho bado nakifanya kila ninapofika mahali pageni. Alifunga kandambili nyeupe kwenye kamba yenye mafundo kila nusu mita, akabaki ameshika ncha moja, akaniambia nirudi nyuma chini ya maji huku nikiikunjua mpaka kandambili ipotee machoni. Ilipotea kwenye fundo la saba. Mita tatu na nusu. Kutoka jichoni mpaka ncha ya mshale, bunduki yangu ilikuwa inakula zaidi ya mita mbili. Nilibakiwa na mita moja na kidogo ya kumwona samaki, kumtambua, kulenga na kuamua.

Kanuni yake ilikuwa nyepesi: kutoka jicho hadi ncha ya mshale, usitumie zaidi ya nusu ya umbali unaouona. Sijaona bora kuliko hiyo. Ukikumbuka kwamba mshale huwa mrefu kuliko mtutu kwa kama sentimita 40, ukaongeza na urefu wa mkono, hesabu inakuja yenyewe. Maji ya mita tatu na nusu au nne, na mapango mengi, yanataka mtutu wa sentimita 75. Mwamba wenye maji ya wastani unataka 90 au 100. Maji yakiwa meupe kiasi cha kumwona samaki akiwa mita kumi, hapo 110 na 120 zinaanza kuwa na maana. Zile za 130 na kupanda ni za kilindini, ambako hakuna jabali nyuma ya samaki wala pango la kukimbilia, na ambako samaki mwenyewe hakukaribii.

Niliazima 75, na msimu mzima sikugusa nyingine. Ninaipenda hadi leo. Unaingiza mkono pangoni, unageuza kifundo tu cha mkono na mtutu umeshageuka. Mpira wake mmoja unaukokota, yaani unauvuta nyuma mpaka unase kwenye mshale, bila kutoa jasho. Ila nilikosa sana, na sikuelewa kwa nini. Changu amesimama, ubavu wote uko kwangu, nalenga nyuma ya shavu, nafyatua, mshale unafika mwisho wa mshipi kabla ya kumfikia, unainama, unaanguka mchangani. Yeye anautazama kisha anaondoka.

Sababu ilikuwa kwenye miwani. Mwanga ukitoka majini kuingia kwenye hewa iliyo nyuma ya kioo unapinda, na vitu vyote vinaonekana vimesogea karibu kwa kama robo na vimenenepa kwa kama theluthi. Samaki aliye mita nne unamwona yuko mita tatu, na unamwona mkubwa. Kila anayeanza anadanganywa na hili. Tiba si kununua bunduki yenye nguvu zaidi, ingawa wengi ndivyo tunavyofanya. Tiba ni kupima. Nilichukua ile kandambili nyeupe, nikaifunga jiwe chini na chupa tupu juu ili isimame katikati ya maji, nikaweka mafundo ya mita mbili, tatu na nne, nikapiga mpaka mkono ukachoka. Kwa 75, mita mbili kutoka ncha ya mshale ulikuwa unatoboa kabisa. Mita mbili na nusu ulitoboa kwa shida. Mita tatu uligusa na kurudi. Baada ya siku ile niliacha kufyatulia samaki waliokuwa wanaonekana wamefika, nikawasubiri wafike kweli.

Kupiga shabaha hivi kulinifundisha jambo jingine. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, kwa hiyo mshale unaanza kupoteza kasi pale pale unapotoka mdomoni mwa mtutu. Ndiyo maana nguvu za ziada hazikupi umbali kwa kiasi unachotarajia. Nilijaribu kuifunga bunduki ya 90 mipira miwili minene badala ya mmoja, na kilichoongezeka zaidi ni teke. Mtutu wa alumini ni mwepesi, mipira ikijirudisha kwa pamoja unarushwa juu, na mshale wenyewe ukisukumwa kupita uwezo wake unapinda-pinda unapotoka kama fimbo inayotikiswa. Kwenye kandambili nilikuwa napata juu ya mahali nilipolenga kwa upana wa kiganja kizima. Nilipoutoa mpira mmoja, shabaha ikarudi.

Bunduki ya mwamba ninayoiamini basi ni hii: mtutu wa 90 au 100, mpira mmoja wa milimita 18 au 20, au miwili myembamba ya 14 au 16 kama kifua chako hakipendi kukokota mpira mnene. Miwili myembamba ina faida ambayo haisemwi sana: unaweza kukokota mmoja tu unapoingia mapangoni, ukabakiza wa pili kwa ajili ya nje. Chini ya mapango, mshale wenye nguvu nyingi unavunja matumbawe na kukunja ncha, na yote mawili ni hasara. Tumbawe lililovunjwa kwa sekunde moja linachukua miaka kurudi.

Mpira ndio moyo wa bunduki hizi, na ndio unaopuuzwa. Watu wanatazama mtutu wa kaboni uking'aa dukani, kumbe kinachorusha mshale ni mpira. Mzuri ni wa utomvu asilia. Urefu wake unakatwa hivi kwamba ukikokotwa ufike kama mara tatu hadi tatu na nusu ya urefu wake ukiwa umelegea. Ukiukata mfupi kuliko hapo unapata bunduki ngumu kukokota, isiyolingana na mshale wake, na mpira unaokufa mapema. Adui zake ni jua na mafuta, yakiwemo ya kujipaka ngozini. Kila baada ya kuzama nauosha kwa maji yasiyo na chumvi, naukausha kivulini, nauweka gizani. Na kila kabla ya kuzama nauvuta kidogo kati ya vidole gumba viwili nikauangalia kwa karibu, hasa pale unapoingia mtutuni na pale ulipofungwa ugwe wake, ule uzi unaonasa kwenye mshale. Mpira mzima unang'aa sawasawa. Unaoanza kuchoka unaonyesha vimistari vidogo vidogo vya kukatana na mhimili wake, kama ngozi ya kisigino kikavu. Nikiviona hivyo, mpira hauingii majini. Uliwahi kunikatikia kifuani nikiukokota, ukanipiga shavuni sentimita mbili chini ya kioo cha miwani. Nilikuwa nimeviona vile vimistari asubuhi, nikajiambia siku moja zaidi haina neno.

Mshale nao una unene wake. Milimita 6.5 kwa bunduki fupi, 7 kwa zile za 100 na 110, 7.5 au 8 kwa za kilindini. Mwembamba unaruka haraka lakini unapinda. Mnene unachelewa kidogo lakini ukifika unaingia. Mshale uliopinda hata kidogo usisamehewe. Ulaze juu ya kioo cha meza uuviringishe kwa kiganja: ulionyooka unasikika ukitoa sauti moja tulivu, uliopinda unadundadunda, na utaona mwanga ukipita chini yake na kuziba, ukipita na kuziba. Ncha inanolewa kwa tupa, pembe tatu zikutane mahali pamoja. Ule ulimi unaofunguka nyuma ya ncha uchezeshe kwa kidole. Lazima ufunguke kwa uzito wake wenyewe lakini usiwe umelegea mno. Ukikwama na chumvi, samaki anateleza na kutoka kama alivyoingia.

Dukani, kitu cha kwanza ninachokishika ni mpini. Nafumba macho, nanyoosha mkono kama ninayelenga, nafumbua. Mshale ukiwa unaangalia pale nilipokusudia, mpini ule ni wa mkono wangu. Ukiwa unaangalia chini au pembeni, nairudisha hata kama ni nzuri vipi, kwa sababu majini hutakuwa na muda wa kujirekebisha. Kisha kifyatulio: chombo chake cha ndani kiwe cha chuma kisichoshika kutu, na kifyatuke kwa kuminywa, bila kugugumia. Loki ya usalama ni nzuri kuwa nayo ila mimi siihesabu. Nitaeleza kwa nini.

Kuhusu mtutu wenyewe nisirefushe. Alumini inavumilia kugongwagongwa, inafaa mwambani na kwa anayeanza. Kaboni ni nyepesi na ngumu, inageuka haraka, inataka kutunzwa. Mbao, hasa za msaji au mkangazi zilizounganishwa kwa tabaka ili zisipinde, ni nzito, na uzito huo ndio unaomeza teke la mipira mingi. Ujuzi wa kuipima bunduki ni kuiacha majini. Ikiwa na mshale ndani, itulie au izame polepole ikiwa imelala, isining'inie pua chini. Mshale ukishatoka, ielee. Inayozama baada ya kufyatua utaifuata mpaka chini siku usiyotaka.

Kuna za hewa pia, ambazo mshale unasukumwa na hewa iliyoshindiliwa. Ni fupi kwa nguvu zake, hivyo wanaozama kwenye mapango wanazipenda, lakini zina pistoni ndogo ya ndani inayousukuma mshale, na vizibo vinavyotaka fundi, na hazikuonyeshi mshale wote juu ya mtutu unapolenga. Na kuna za magurudumu, ambazo mipira inazunguka vigurudumu viwili mdomoni na kuendelea chini ya mtutu, ili mshale usukumwe kwa urefu wote wa mtutu. Teke lake ni dogo, na 90 ya namna hii inakaribia kazi ya ndefu kuliko yenyewe. Nimetumia ya rafiki kwa wiki mbili. Ni tamu. Ila siku ya kwanza niliifunga vibaya, na nadhani anayeanza azoee kwanza chombo ambacho kikiharibika anajua kimeharibikia wapi.

Kisha nikaenda kilindini, na karibu kila nilichokijua kikanipungukia.

Mwambani samaki yuko mahali. Kilindini hakuna mahali. Unaelea, chini ni buluu inayoingia weusi, na samaki anatokea tu, kama wazo. Siku yangu ya kwanza nilikwenda na ile 100 yangu ya mwamba, mshale wa milimita 6.5 na rili ndogo ya kukunjia mshipi mpinini. Akapita kolekole, mzito, kifua kipana. Kwa macho yangu alikuwa karibu, na kwa sababu hakuna jiwe wala tumbawe la kumlinganisha naye, sikujua ukubwa wake. Nikafyatua. Mshale ukaingia vizuri nyuma ya shavu, na kwa dakika nzima nilijiona nimeshakuwa mzamiaji wa maji makuu. Halafu akageuza kichwa chini.

Mshipi wa rili ulikuwa wa mita 50 lakini sikuusubiri uishe. Niliminya rili kwa mkono kumzuia, akanishusha. Nilikuwa na masikio yanayouma, mkono mmoja kwenye bunduki iliyo ghali kwangu, na akili inayosema nishikilie kidogo tu. Yule mzee alikuwa juu akinitazama, na baadaye aliniambia alihesabu mpaka kumi kabla sijaiachia. Niliiachia. Ikapotea kwenye buluu ikiwa imenyooka kama mkuki, na sikuiona tena, wala kolekole. Sikuililia. Kilichoniuma ni kwamba nilimpeleka samaki yule akafe na mshale mwilini kwa sababu ya kwenda na chombo kisicho chake.

Bunduki ya kilindini ni mfumo mzima, na mtutu ni sehemu moja tu ya mfumo huo. Yangu ya sasa ni ya mbao, sentimita 130, mipira mitatu ya milimita 16, mshale wa 8. Mshale haujafungwa kwenye bunduki kabisa. Umefungwa kwenye mshipi mnene unaokwenda moja kwa moja mpaka boya, na kwenye bunduki umebanwa tu kwa klipu inayoachia mshale ukishatoka. Samaki anakimbia na boya, mimi nabaki na bunduki yangu na pumzi yangu. Kati ya mshale na boya kuna kamba ya mpira inayonyumbuka, ili mstuko wa kwanza wa samaki usichane nyama. Hilo la nyama nimejifunza kwa nguru: mwili wake ni laini, na ukimvuta kwa kamba isiyonyumbuka mshale unatoka na tundu linabaki. Jodari ana nguvu zaidi na hukimbilia chini bila kugeuka, kwake boya moja dogo halitoshi. Anazama nalo.

Kwa samaki hao ncha pia hubadilika. Badala ya ulimi natumia ncha inayochomoka, iliyofungwa kwa waya mfupi: ikipita upande wa pili inaachana na mshale, inajilaza kingamo, na samaki anashikiliwa kama kifungo kwenye tundu lake. Nilijaribu kwenda nayo mwambani mara moja. Mshale wa kwanza ukagonga jiwe na ncha ikawa butu. Ibaki kilindini.

Ile mipira mitatu ina gharama ambayo sikuiona kwenye maelezo ya muuzaji yeyote: inakula pumzi. Ukokote mmoja, wa pili, wa tatu, kila mmoja umeusukumia kitako cha bunduki kifuani au nyongani, moyo unapiga kama umepanda kilima. Ukizama hapo hapo unazama na deni. Mimi nikishakokota naelea chali, uso juu, mpaka nisahau kwamba nilikokota, ndipo navuta pumzi za kuzamia. Hatari kubwa kwenye kazi hii iko kwenye kupanda, hasa mita 10 za mwisho, ambapo shinikizo la maji linashuka kutoka mara mbili ya lile la juu mpaka moja, na oksijeni iliyobaki mapafuni inashindwa kuulisha ubongo. Mtu anazimika kama taa, mara nyingi bila kuhisi chochote kabla. Kuhema haraka haraka kabla ya kuzama kunaongeza hatari hiyo, kwa sababu kunachelewesha ile hamu ya kupumua inayokuonya. Kwa hiyo tunazama wawili, mmoja chini mmoja juu anatazama, na anayetazama hafanyi lingine lolote. Bunduki usiyoweza kuikokota mara ishirini kwa siku bila kuchoka ni kubwa kwako, hata kama rafiki yako anaiweza.

Sasa ile loki. Miaka michache baada ya kuanza, nilirudi kwenye mashua nikiwa nimechoka, mkondo umenibeba, na bunduki bado imekokotwa. Nikaweka loki, nikaipitisha juu ubavuni mwa mashua, mdomo ukitangulia. Mwenzangu alinyoosha mkono kuipokea, kisha akageuka kufuata kamba iliyokuwa inaanguka. Bunduki ikajigonga kwenye ukingo, ikafyatuka. Mshale ulikwenda ukajikita kwenye ubao wa upande wa pili, ukatikisika, ukatulia. Ungempata kifuani pale aliposimama. Hakusema neno. Alikaa chini, akashika magoti. Nilipoifungua bunduki nyumbani nilikuta loki imelika, chumvi na mchanga vimeingia, na kishikio cha ndani kimebaki na ukucha mwembamba wa chuma.

Tangu siku ile bunduki yangu inakokotwa majini tu, na inaachiwa mipira majini, mbali na mashua, mbali na watu, ikiangalia kilindini. Hakuna anayepewa bunduki iliyokokotwa, hata akiomba. Mashuani ncha inavalishwa kizibo. Chombo cha ndani nakifungua kila baada ya wiki chache, nakiosha, nakikagua kwa tochi. Na kisu kiko mahali ambapo mikono yote miwili inafika, kwa sababu mshipi unaomfunga samaki unaweza kukufunga wewe mguu.

Kuhusu samaki gani wa kumpiga sitaki kusema mengi hapa, na sheria zinatofautiana. Nchi nyingi zimekataza kabisa kutumia bunduki huku umevaa mtungi wa hewa, nami naona ni haki, kwani samaki wa mwambani hana pa kwenda mbele ya mtu asiyehitaji kupanda. Ila niseme moja kuhusu chewa. Wengi wao huzaliwa majike na hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Ukiondoa wale wakubwa wachache kwenye jabali moja huenda umeondoa madume yote ya pale. Kwa hiyo bunduki ya mwambani isiwe ya kukutamanisha wale wakubwa. 90 yangu inamtosha changu, inamtosha kolekole mdogo anayepita ukingoni, na ikimkuta babu chewa pangoni inanikumbusha kwamba sina mshale wa kumtoa.

Ungeniambia nibaki na moja tu, ningebaki na 100. Alumini, reli ya kulaza mshale ya urefu wote wa mtutu, mshale wa milimita 7, mipira miwili ya 16, mshipi uliozungushwa mara mbili juu ya mtutu, ambao unakupa kama mita nne, na rili kwa ajili ya siku ukingo wa mwamba unapodondokea kwenye buluu. Ndefu kidogo kwa mapango, fupi kidogo kwa kilindi, na kwa siku nyingi katikati ya hizo mbili inatosha kabisa. Hiyo ndiyo iliyo ukutani sasa, ikikauka. Mipira yake nimeibadilisha jana; ile ya zamani nimeikata vipande, nikafungia mshale wa akiba pamoja na ule uliopinda.